Kinga za magoti kwa baiskeli za milimani: jinsi ya kuchagua zitakazokaa mguuni siku nzima

Ukianguka na baiskeli kwenye mteremko, mikono hutangulia na goti hufuata. Jiwe moja linatosha. Na goti likishaumia, si baiskeli peke yake inayosimama. Kupalilia kunasimama, kubeba ndoo ya maji kunakuwa shida, hata kuchuchumaa chooni kunahitaji mtu ajipange. Kwa kijana anayeishi kwa kuongoza watalii kwa baiskeli, wiki tatu za kuuguza goti ni wiki tatu bila kipato.

Wasikilizaji wetu wanaoishi milimani wanaijua kazi hiyo. Huko Usambara, vijana huwaongoza wageni kwa baiskeli kutoka Lushoto kupitia vijijini hadi upande wa Mtae. Nchini Kenya, wageni huendesha baiskeli ndani ya hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Kwenye mlima Kilimanjaro, njia ya Kilema hutumiwa na wanaopanda kwa baiskeli. Kote huko safari huanza asubuhi na kumalizika jioni, na mwongozaji hana ruhusa ya kuchoka kabla ya mgeni.

Malalamiko tunayoyasikia yanafanana. Kinga zipo, lakini hazivaliki. Asubuhi zinavaliwa vizuri, saa nne zimeanza kuteleza, saa sita mchana zinakata nyuma ya goti, na saa nane zimeshaingia kwenye begi. Saa tisa, mwili umechoka, mikono imekufa ganzi kwa kushika breki, ndipo mtu anaanguka.

Kwa hiyo katika makala hii tunashikilia jambo moja: kinga bora ya goti ni ile ambayo bado iko gotini saa tisa alasiri. Kinga nene iliyo ndani ya begi hailindi chochote. Tutaeleza namna ya kuipata hiyo inayokaa.

Kinga inafanya nini, na haifanyi nini

Kinga ya goti ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupunguza kishindo, yaani kutawanya nguvu ya pigo ili isiishie yote kwenye pia ya goti, ule mfupa wa mviringo ulio mbele. Ya pili ni kuzuia ngozi isichunike kwenye kokoto na magome ya miti.

Kuna ambayo haiwezi. Kinga ya kawaida ya baiskeli haizuii goti kupinda upande au kujisokota mguu unapobaki umenaswa. Haitibu goti linalouma. Na haimfanyi mtu awe salama kushuka kwa kasi asiyoimudu. Tunasema hivi mapema kwa sababu wapo wanaonunua kinga nene wakidhani wamenunua ruhusa ya kukimbia.

Kwa nini siku nzima ni jambo tofauti

Hesabu ni rahisi. Mtu anayezungusha pedali mara 60 kwa dakika hukunja kila goti mara 3,600 kwa saa. Kwenye safari ya siku nzima, tuseme saa nne ni za kukanyaga pedali na zilizobaki ni za kuteremka, kusukuma na kupumzika. Hizo saa nne peke yake ni mara 14,400 kwa kila goti.

Mshono mdogo unaogusa ngozi dukani hausikiki. Ukigusa mara elfu kumi na nne, pakiwa na jasho na vumbi, unakuwa lengelenge. Ndiyo maana kinga iliyomfaa mtu kwa nusu saa inaweza kumtesa mchana kutwa. Jambo la kujiuliza unaponunua si kama inakaa vizuri ukiwa umesimama, bali itakuwaje ukishakunja goti mara elfu kadhaa.

Aina tatu zilizopo

Aina ya kwanza ni nyepesi. Ni kama soksi ndefu ya kitambaa cha kuvutika isiyo na unyayo, yenye tabaka jembamba la sponji ngumu mbele. Inapitisha hewa, haizuii kukanyaga, na inavalika chini ya suruali bila kuonekana. Kinga yake ni ya kiasi. Inafaa barabara za vumbi na njia za msituni zenye kupanda kwingi na kuteremka kwa kawaida.

Aina ya pili ni ya kati. Nayo ni soksi ya kitambaa, lakini kipande chake cha mbele ni kinene zaidi, mara nyingi kinaweza kutolewa wakati wa kufua, na kina sponji ndogo pembeni mwa goti. Baadhi zina mkanda mmoja au miwili ya velkro, ile ya kubandika na kubandua. Kwa mtu anayeendesha kutwa kwenye njia zenye mawe na mizizi, aina hii ndiyo huwafaa wengi.

Aina ya tatu ina gamba gumu la plastiki mbele, na mara nyingine hushuka kufunika ugoko. Inalinda vizuri kwenye mawe makali, lakini ina joto, ni nzito, na inasumbua wakati wa kupanda. Kama njia yako inakulazimu kuitumia, chagua ile inayofunguka kwa mikanda au zipu, ili uifunge kwenye begi wakati wa kupanda na kuivaa kileleni bila kuvua viatu. Ukishajua kwamba ni lazima uvue viatu kwenye tope, hutaivaa.

Aina nyingi za siku hizi hutumia sponji maalumu ambayo ni laini inapopindwa polepole, lakini hukaza inapopigwa ghafla. Moja inayofahamika sana ni ile ya kampuni ya Uingereza iitwayo D3O. Ukitaka kuelewa inavyofanya kazi, chukua ule wanga mweupe wa mahindi wa dukani unaotumika kuufanya mchuzi uwe mzito, uchanganye na maji kidogo hadi uwe uji mzito. Ukizamisha kidole taratibu kinaingia. Ukiupiga ngumi unakuwa mgumu. Tabia ya sponji hizo inakaribiana na hiyo.

Kumbuka kwamba nyingi kati ya sponji hizo hukakamaa kwenye baridi. Asubuhi ya mlimani zinaweza kuonekana ngumu kama ubao. Ziweke ndani ya koti dakika chache kabla ya kuvaa, zitalainika kwa joto la mwili.

Kusoma lebo

Kwenye kinga nyingi za kiwandani utaona alama ya EN 1621-1. Hicho ni kiwango cha Ulaya kilichotungwa kwa ajili ya kinga za viungo za waendesha pikipiki, na watengenezaji wa vifaa vya baiskeli nao hukitumia. Kwenye lebo hiyo huwa kuna picha ndogo ya mtu juu ya pikipiki, herufi K ikimaanisha goti, na namba 1 au 2.

Katika kipimo chake, kinga hupigwa na chuma cha kilo 5 kwa nguvu inayolingana na kukiangusha kutoka urefu wa mita 1 hivi, kisha hupimwa nguvu iliyopenya upande wa pili. Kinga ya namba 1 huruhusu wastani usiozidi kilonewtoni 35. Namba 2 huruhusu usiozidi 20. Kwa hiyo namba 2 inalinda zaidi, ingawa mara nyingi ni nene zaidi.

Kwa safari ya kutwa, namba 1 inayokaa mahali pake ni bora kuliko namba 2 iliyoteremka hadi kwenye ugoko. Na ujue kwamba lebo inaweza kuigwa. Kama alama zimechapwa tu kwenye mfuko wa nje na ndani ya kinga hakuna kitu, tegemea macho na vidole vyako zaidi kuliko maandishi.

Pima mguu kabla ya kwenda dukani

Watu wengi hununua kwa kukisia: "mimi ni wa saizi ya kati." Mwenye paja nene na shavu la mguu jembamba atajikuta kinga inabana juu na kupwaya chini. Azima futi ya fundi cherehani. Kama huna, tumia kamba kisha uipime kwa rula.

Simama wima, mguu ukiwa umelegea. Tafuta katikati ya pia ya goti. Panda sentimita 15 juu yake, pima mzunguko wa paja, andika. Rudi kwenye pia ya goti, shuka sentimita 15, pima mzunguko wa shavu la mguu, andika. Pima miguu yote miwili, kwa sababu mara nyingi hailingani. Makampuni mengine hupima kwa sentimita 10, kwa hiyo soma jedwali la kinga unayoitaka kabla ya kulinganisha.

Kama vipimo vyako viko katikati ya saizi mbili, usikimbilie kubwa kwa kuogopa kubanwa. Kitambaa cha kuvutika hulegea kikishapata joto na jasho, na iliyolegea ndiyo inayoteleza. Lakini kama ndogo inaacha alama nzito kwenye ngozi ndani ya dakika chache, chukua kubwa yenye mkanda wa kurekebisha.

Jaribio la dakika kumi

Usinunue kwa kuiangalia tu. Omba kuivaa, na muuzaji akikataa, jua utakuwa unabahatisha. Ivae moja kwa moja kwenye ngozi, chini ya suruali, kama utakavyoivaa njiani. Kinga inayovaliwa juu ya suruali huteleza pamoja na kitambaa.

Kwanza, kaa kwenye kiti kirefu au juu ya baiskeli na ukunje goti kama unayekanyaga pedali. Kipande kinene kinatakiwa kufuata goti. Kikibaki mbele kama kigae huku goti likichomoza juu yake, si saizi yako au si umbo lako.

Pili, chuchumaa na kusimama mara 20, kisha panda na kushuka ngazi au kizingiti. Angalia kama kinga imeshuka. Kama imeshuka kwa vidole viwili dukani, kwenye mlima itafika kifundoni.

Tatu, pitisha kidole nyuma ya goti. Hapo ngozi ni laini na hukunjika kila mara. Kinga nzuri ina tundu, wavu au kitambaa chembamba sehemu hiyo, na haina mshono mnene unaopita katikati. Kitambaa kikijikusanya na kufanya mkunjo, mkunjo huo ndio utakaokukata mchana.

Nne, gusa ule utepe wa mpira unaonata ulio ndani, juu na chini. Kazi yake ni kushika ngozi. Kuna watu huwashwa nao. Ukiona wekundu baada ya dakika kumi, tafuta wenye utepe mwembamba au uliokatwa vipande vipande.

Tano, kaza mikanda kisha uingize vidole viwili chini yake. Visipoingia, umekaza mno. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu sana na ngozi. Mkanda ukiubana kwa muda mrefu, sehemu ya juu ya wayo hufa ganzi. Ukihisi hivyo njiani, simama ulegeze. Usisubiri kufika.

Mitumba na vya kubadilisha

Wengi wetu tunanunua mtumbani, na hakuna ubaya. Vuta kitambaa kwa mikono miwili na kuachia. Kisiporudi upesi, lastiki imekufa, na hakuna fundi atakayeirudisha kama zamani. Kunja kipande cha sponji na ukiangalie kwenye mwanga. Kikiwa na nyufa, kikiacha unga mikononi, au kimebonyea na hakirudi, kiache. Velkro iliyojaa nyuzi inaweza kusafishwa kwa sindano na kufanya kazi tena, hiyo isikukatishe tamaa.

Vipi kuhusu kinga za kazi nyingine? Zile za mafundi wa vigae zimetengenezwa kwa kupiga magoti mahali pamoja. Mkanda wake hupita nyuma ya goti na utakukata ukikanyaga pedali. Za mpira wa wavu ni laini na zinakaa vizuri, lakini kitambaa chake huchanika upesi kwenye kokoto, na mara nyingi hazifuniki pembeni. Kwa barabara ya vumbi na mwendo wa polepole ni afadhali kuliko goti tupu. Zile ngumu za waendesha bodaboda zinalinda, ila kwa kukanyaga pedali kutwa ni mzigo. Na ile bandeji ya kuvuta inayouzwa duka la dawa kwa goti lililotegua, hata kama ina tundu la pia ya goti, haina kinga ya pigo kabisa.

Matunzo huamua kama itavalika kesho

Kinga iliyokauka na chumvi ya jasho hukwaruza kama msasa. Baada ya kila safari, toa kipande cha ndani kama kinatoka, fua kitambaa kwa maji ya baridi na sabuni ya kawaida, suuza hadi sabuni iishe, kamua bila kusokota, anika kivulini penye upepo. Jua kali na moto wa jikoni huharibu lastiki na sponji. Kabla ya kufua, funga velkro isije ikanyonyoa kitambaa.

Kama una kinga za kukodisha kwa wageni, fua kila zinapobadilisha mtu. Fangasi wa ngozi hupenda unyevu na joto, na huhama kwa nguo za kuchangia.

Baada ya anguko kubwa, kagua. Gamba lililopasuka au sponji iliyochanika haifai tena kwa anguko linalofuata, hata ukiishona vizuri kwa nje.

Goti linalouma bila kuanguka

Hapa wengi hulaumu kinga kwa kosa la siti. Siti ikiwa chini mno, goti hukunjika kupita kiasi kila mzunguko, na maumivu huja mbele ya goti. Kaa juu ya siti ukishikilia ukuta, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa kunyooka. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki na mkunjo mdogo, na hapo ndipo panapotakiwa kwa kupanda. Kwenye mteremko mkali wengi huishusha siti kidogo, kisha huirudisha. Rekebisha hilo kwanza kabla ya kutupa kinga.

Ukianguka hata hivyo

Kinga hupunguza, haifuti. Mchubuko uoshwe mara moja kwa maji safi mengi na sabuni, mchanga wote utoke, ufunikwe kwa kitambaa safi. Kama hukumbuki mara ya mwisho ulipochanjwa pepopunda, uliza kituo cha afya, hasa jeraha likiwa limeingia udongo au samadi.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ikiwa huwezi kutembea hatua nne, huwezi kukunja goti hadi kona kama ya mtu aliyekaa kitini, pia ya goti inauma sana ukiigusa, goti limevimba ndani ya saa chache, au kuna jeraha la wazi juu ya kiungo. Usikubali kukandwa au kuvutwa goti la namna hiyo kabla halijaangaliwa na mtaalamu.

Kabla hujatoa pesa

Kwa ufupi, andika vipimo vya paja na shavu la mguu kwenye simu yako, na uende navyo dukani. Chagua aina kulingana na njia unayopita kila siku, si ile ya kwenye video. Kunja, chuchumaa, panda ngazi, gusa nyuma ya goti. Kisha, kabla ya kuivaa kwenye safari ya mgeni, ivae kwenye shughuli zako za kawaida: kwenda sokoni, kwenda kisimani, kurudi shamba. Kama ikifika jioni umesahau kwamba umeivaa, umepata yako.